Mjomba aliyefia Kinshasa

Swali lenu la wiki hii: kijana anayetaka kuhamia nje ya nchi aanze kujiandaa akiwa na umri gani? Aanze jana. Pasipoti ilipata kuwa dola 185, yangu niliilipia 99, na hapa Bukavu sijaona cheti kilichogongwa muhuri siku kilipopelekwa. Hilo limekwisha. Lililonichoma ni swali ambalo hamkuliuliza: unamwambia nani?

Jibu la kwetu mnalijua. Humwambii mtu. Watu wana macho, watu wana midomo, safari ikitajwa inakatika. Asubuhi moja unakuta kitanda cha mwenzako kitupu, na ukiuliza, nyumba nzima inasema hata wao wameshangaa. Mimi nasema ni tabia mbaya, na nina haki ya kusema.

Mwaka 2021 nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Muhungu na mwenzangu mmoja wa masomo. Dosie za viza ya Ubelgiji tulizianza pamoja. Foleni pamoja, mihuri pamoja, na barua yake ya maombi niliiandika mimi kwa sababu Kifaransa chake kilikuwa cha kubabaisha. Pesa zake zikaisha njiani, akaahirisha. Mimi nikafika mwisho, nikanyimwa viza. Tangu siku hiyo Ubelgiji haikutajwa tena chumbani mwetu. Nilidhani ananihurumia.

Juni 2022 akaniambia mjomba wake amefia Kinshasa, lazima aende. Nikampa franka elfu kumi za matanga. Nilizikopa. Aliporudi nikamuuliza mazishi yalikwendaje, akanisimulia kila kitu, mpaka mvua iliyowanyeshea makaburini. Juni, Kinshasa, katikati ya kiangazi! Ningekuwa na akili ningeshtuka palepale.

Kisha ikaja Jumamosi ya Septemba. Alitoka soko la Muhanzi na sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga, sahani imejaa, si kile kifungu chetu cha siku zote. Nikamgombeza, kodi tunadaiwa miezi miwili. Alikuwa amevaa mashati mawili na koti juu yake, saa saba ya mchana, jua linawaka. Akasema ana homa. Mtu mwenye homa alikula bugali kama aliyetoka kulima. Tulipomaliza alinawa, akachukua bidoni lake la maji, dumu la njano la lita 20. Lazima mlijue hilo bidoni. Alikuwa ameliandika jina lake kwa msumari uliopashwa kwenye makaa, maana robineni, kwenye bomba la maji, kwetu watu hubebeana mabidoni, na hakuwahi kumwazima mtu yeyote, hata mimi. Akalisimamisha upande wangu wa kitanda.

"Nitunzie. Navuka Kamembe mara moja natafuta viatu."

Nikamwagiza kandambili, namba 42. Nikamsindikiza mpaka barabarani, akapanda pikipiki kuelekea Ruzizi ya Kwanza, kwenye mpaka wa Rwanda.

Jumatatu akaja mama yake na kodi ya miezi miwili. Yote, fungu lake na fungu langu. "Mwanangu, mwenzako ameenda Uvira kwa baba yake mdogo." Alisema akilitazama bidoni, mimi hakunitazama. Wiki ya tatu ikaingia sauti kwenye simu yangu. Nilikuwa robineni, kwenye foleni, na bidoni hilohilo. Nikasikia anavyopumua, na nyuma yake kimya: hakuna jogoo, hakuna pikipiki, hakuna mama wa mikate. "Ndugu yangu, niko Liège. Nisamehe. Mama alikataza nikuambie mpaka ndege iruke. Alisema wewe umeshanyimwa, na mkosi unaambukiza."

Miezi minne sikumjibu. Mjomba, nasikia, ni mzima.

Hapa nilikusudia kuandika kwamba usiri huu ni ushamba mtupu. Lakini ile kodi inanisumbua. Mtu unayemwona mchawi humlipii kodi. Na mimi je, ningeambiwa Juni, ningelala miezi mitatu chumba kimoja na viza yake? Labda ningefurahi. Labda ningemuuliza kila usiku, kwa nini wewe.

Na siku hizi kuna lingine. Benki za mji zilifunga milango Februari 2025, mwenye akiba akaiweka anapopajua. Sasa anayetaka kusoma Ujerumani anatakiwa kuweka euro 11,904 kwenye akaunti maalumu, ambayo atachota humo 992 kila mwezi. Pesa hizo unazikusanya kwa likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, kwa shangazi, kwa kuuza kiwanja, na zinalala ndani ya godoro. Kumwambia mtu unasafiri ni kumwonyesha godoro.

Kwa hiyo nasema hivi: mwambie mmoja. Yule mnayekula naye sahani moja. Isipokuwa kama yeye alinyimwa, hapo subiri kidogo. Isipokuwa pia kama ana madeni. Mama mwambie, ingawa mama naye ana kikundi cha maombi, na kikundi kina watu arobaini.

Mama yangu mimi anajua najifunza Kijerumani kwa ajili ya kazi za mashirika. Msiniulize nimejuaje kwamba kupeleka ombi kwa uni-assist, wanaopokea maombi ya vyuo vikuu vya Ujerumani, ni euro 75 kwa la kwanza na 30 kwa kila linalofuata. Mambo haya mtu anayasikia tu. Ninayekaa naye sasa ni kijana mzuri, anasoma sheria, maji tunachota kwa zamu. Bidoni lile bado ninalo.

Jina langu msilitie. Huyu kijana husoma majibu yenu kila wiki.