Sista Anajibu: Ngozi Inayobaki Kilo Zikishaondoka

Tangu nilipoandika hapa kuhusu uzito na kisukari, barua nyingi zilizonifikia zimetoka kwa watu waliokwisha kupungua. Kilo zimeondoka, ngozi imebaki, na wengi wanaandika kwa aibu kana kwamba kuna kazi waliyoiacha katikati. Kazi mmeifanya. Ngozi hiyo ni alama ya uzito uliokuwepo, na ina matibabu yake. Nawajibu kama ninavyowajibu wagonjwa katika wodi ya upasuaji ninapofanya kazi hapa Kisumu.

Sista, nimepunguza kilo 42 kwa chakula na kutembea. Sasa tumbo linaning'inia hadi mapajani, na chini yake kunawasha na kutoa harufu nikishinda juani kuuza samaki. Nifanye zoezi gani ngozi irudi? – Mama wa Dunga, Kisumu

Mama, hongera, na pole kwa hayo maumivu. Hakuna zoezi litakaloirudisha. Mazoezi hujenga misuli, na ngozi si misuli. Ikivutwa kwa miaka mingi, nyuzi zake za kolajeni na elastini huharibika, kwa hiyo mafuta yakiisha haina tena nguvu ya kujikaza. Krimu za dukani hazifiki huko ndani. Kijana aliyenenepa kwa muda mfupi anaweza kuona ngozi ikirudi kiasi. Mama aliyezaa na kubeba uzito mkubwa kwa miaka mingi, mara nyingi dawa yake ni kisu tu.

Lakini huko kuwasha hakungojei kisu. Wodini nimeinua mikunjo kama hiyo nikakuta ngozi ya chini imeiva kwa wekundu, imelowa, ina mipasuko midogo pale kwenye kinena, na mwenyewe ananiambia ameshazoea. Usizoee. Osha asubuhi na jioni kwa sabuni isiyo kali, ukaushe kwa kugusagusa bila kusugua, kisha weka kitambaa safi cha pamba kati ya ngozi na ngozi. Kwa joto la huku kwetu utakibadilisha mara kadhaa kwa siku. Fangasi hutibiwa kwa krimu ya klotrimazoli, na usiiache siku ile tu mwasho unapotulia. Zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi ziache, zinapunguza mwasho huku zikiidhoofisha ngozi. Upele ukirudirudi, pima sukari. Ukiona usaha, wekundu unaosambaa au homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kila unapotibiwa, hakikisha imeandikwa kwenye faili, maana maandishi hayo yatakutetea ukifika kwa mpasuaji au kwa watu wa bima.

Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula miezi minane iliyopita na bado napungua. Naweza kutolewa ngozi likizo ya Desemba? – Mwalimu, Nakuru

Mwalimu, subiri. Baada ya upasuaji kama wako, wengi hushauriwa kungoja miezi 12 hadi 18, na uzito uwe umetulia kwa angalau miezi 6. Mpasuaji hukata kwa kukupima ulivyo siku hiyo. Ukiendelea kupungua, sehemu aliyoikaza italegea tena na pesa zako zitakuwa zimepotea.

Sababu ya pili inaniuma zaidi kwa sababu matokeo yake nayaona kwenye bandeji. Mwili unaopungua kwa kasi huwa na upungufu wa protini, madini ya chuma na vitamini B12. Ukikatwa katika hali hiyo, kidonda hufunguka, na kidonda cha tumbo kilichofunguka kinaweza kuchukua wiki nyingi kufunga. Kwa hiyo kabla ya kuulizia tarehe, pimwa damu. Watu wa hali yako kwa kawaida huhitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na yai moja lina kama gramu 6 tu. Omena, maharagwe, maziwa na ndengu viwe kwenye sahani kabla ya ugali. Likizo ya Desemba itarudi mwakani.

Mimi ni mwanamume, nimepungua sana, kifua kimelegea kama cha mama anayenyonyesha. Upasuaji huu ni wa wanawake tu? – Kakamega

La, ndugu yangu. Wanaume hufanyiwa tumbo, kifua na mapaja vilevile. Usikubali tu kuambiwa kwamba kunyonya mafuta kutatosha: mrija hutoa mafuta, ngozi iliyolegea inabaki palepale. Kama unavuta sigara, shisha, au unatafuna tumbaku, acha angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyotoka kukatwa isipopata damu hufa, hugeuka nyeusi na kulazimu ikatwe tena.

Nilitoboa sikio nikaota uvimbe wa kovu. Je, tumboni nitaota vivyo hivyo? – Bungoma

Dada, ni vyema umeuliza mapema. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna hatari kubwa zaidi ya makovu yanayoota. Hupenda masikio, kifua na mabega kuliko tumbo la chini, lakini ukishaota mara moja huwezi kujiona uko salama. Mwambie mpasuaji siku ya kwanza kabisa, naye apange mapema: plasta au jeli ya silikoni mshono ukishafunga, na sindano za steroidi ndani ya kovu likianza kuinuka.

Ufahamu pia ukubwa wa kovu lenyewe. La tumbo hukatwa toka nyonga hii hadi ile, chini mahali nguo ya ndani hufunika. La mikono hupita upande wa ndani, kutoka kwapa kuelekea kiwiko, na ukivaa mikono mifupi litaonekana. Huchukua mwaka mmoja au zaidi kufifia. Mimi ningekushauri uanze na sehemu moja ndogo uone mwili wako unavyopona.

Nataka mtoto mwingine mmoja. Nifanye tumbo sasa? – Kericho

Zaa kwanza. Mimba baada ya upasuaji si hatari kubwa, ila itavuta upya kile kilichokazwa.

Mke wangu atafanyiwa upasuaji wa tumbo Nairobi mwezi ujao. Namrudishaje nyumbani, na nimtunzeje? – Mume, Busia

Laiti kila mume angeuliza hivi. Usimpandishe basi siku anapotoka wodini. Hatari ninayoiogopa kuliko zote ni damu kuganda kwenye mguu kisha kupanda hadi kwenye mapafu, na kukaa kitini saa nyingi huichochea. Tafuteni pa kukaa karibu na hospitali hadi mpasuaji atakapomruhusu kusafiri. Mkiwa njiani, simameni atembee. Akivimba mguu mmoja, au akikosa pumzi ghafla, mkimbize hospitali iliyo karibu hata kama ni usiku.

Atatoka na mirija midogo inayotoa majimaji hadi kwenye chupa ya plastiki inayobonyea. Utaimwaga asubuhi na jioni, uandike mililita na rangi. Mara nyingi mirija hutolewa majimaji yakishuka chini ya mililita 30 kwa siku nzima. Rangi ikitoka kwenye uwekundu kuelekea manjano hafifu, ni dalili njema. Yakinuka au yakiwa mazito, piga simu.

Wiki ya kwanza atatembea ameinama kwa sababu tumbo limekazwa, na atalala ameinuliwa mgongo, magoti yamekunjwa. Hata hivyo atembee, kila siku. Vazi la kubana huvaliwa kama wiki 6, na kwa muda huo asibebe mtungi wa lita 20 wala mtoto. Hapo kazi ni yako.

Kuna mtu Nakuru anatangaza mtandaoni kwamba atanitoa ngozi kwa bei nafuu katika nyumba ya kukodi, na nirudi nyumbani siku hiyo hiyo. SHA, bima ya afya ya serikali, italipa? – Naivasha

Dada, usiende. Upasuaji wa tumbo ni wa saa kadhaa, unahitaji nusu kaputi, mtaalamu wa usingizi, damu ya akiba na kitanda cha kulala. Nyumba ya kukodi haina hata kimoja. Baraza la madaktari, KMPDC, lina sajili kwenye tovuti yake: tafuta jina la daktari uone kama leseni yake ni ya mwaka huu na kama amesajiliwa kuwa mpasuaji wa plastiki, kisha tafuta na jina la kituo. Akikataa kukupa jina lake kamili, umeshapata jibu.

Kuhusu malipo, bima kwa kawaida hazilipii upasuaji wa kurekebisha umbo tu. Kama una vidonda vinavyorudi chini ya mkunjo, anzia kliniki ya upasuaji ya hospitali ya rufaa, Nakuru au Eldoret, na faili lako mkononi. Daktari aandike ripoti, uombe idhini kabla ya kukatwa, na jibu la bima ulipate kwa maandishi.