Vipepeo wa kwanza wa msimu huku Tabora, wanatoka lini na uwatafute wapi

Mwangaluka wakuu. Mleta mada kasema dada yake yuko Uingereza, mwezi wa tatu kamrushia picha ya kipepeo wa njano na maneno "wa kwanza mwaka huu", sasa na yeye anataka kujua wa kwanza wa huku kwetu wanatokea lini, maana mwezi wa tisa alizunguka porini siku nzima akarudi na miba tu kwenye suruali. Na nimeona mdau mmoja kamjibu kwamba Tabora hakuna cha msimu, vipepeo wapo tu mwaka mzima. Hapo mkuu sikubaliani na wewe. Nina kama miaka kumi na mbili nawafuatilia hawa wadudu na hakuna anayenilipa, ngoja niseme nilichokiona.

Nianze na huyo wa njano wa dada. Kama ni yule wanayemuita Brimstone, ambaye kule ndiye huwa anawahi, basi huyo hata sio mpya. Alitoka kwenye pupa, lile ganda ambalo kiwavi anajifungia mpaka ageuke kipepeo, mwaka uliopita, akala akanenepa, baridi ilipoanza akajibanza kwenye majani ya miti isiyopukutika akalala humo miezi yote, sasa jua la mwezi wa tatu likimpasha moto kidogo anatoka. Wapya wenyewe, waliotoka kwenye pupa mwaka huohuo, kama yule mweupe mwenye ncha za mbawa rangi ya chungwa, wanakuja nyuma yake, mwezi wa nne huko. Kwa hiyo hata Uingereza "wa kwanza" wapo wa namna mbili, kuna mzee aliyevuka baridi na kuna kijana wa juzi. Na Tabora ni hivyohivyo, ila sisi badala ya baridi tunavuka kiangazi.

Mvua huku zikishakata mwezi wa nne kuingia wa tano ndio basi tena, nyasi zinakauka, moto unapita, mwezi wa nane ukifika pori lote rangi ya majivu. Kiwavi atakula nini hapo? Wa jamii nyingine wanabaki pupa, na wanaobaki na mbawa zao wengi wanajificha kwenye majani makavu. Kuna hawa wadogo wa kahawia wanaoruka chinichini kwenye nyasi, jamii ya Bicyclus, wa masika wana madoa makubwa kama macho pembeni ya mbawa, wa kiangazi madoa yanakuwa madogo sana au hayapo kabisa, kawa kama jani lililokauka na usipomkanyaga humuoni. Wala hatagi, anasubiri nyasi ziote kwanza ndio wanawe wapate cha kula. Mleta mada kilichokudanganya nadhani ni miyombo, mwezi wa tisa inachipua majani mekundu kabla ya tone la mvua, mtu unaona neema imefika kumbe chini bado ni vumbi.

Mimi nimewajua wale wazee kwa sababu ya bomba. Mtaani kwetu kuna bomba lilipasuka mwezi wa kumi, tumeripoti mara tatu tunaambiwa fundi anakuja, na huku maji yanachuruzika mpaka kwenye njia ya ng'ombe pakawa na kitope kama ukubwa wa mkeka hivi. Siku moja saa nne asubuhi napita na baiskeli naona kama kuna mtu kachana karatasi akazimwaga pale. Nikasogea. Vipepeo, weupe wengi na wa njano wachache, labda arobaini, wamefunga mbawa wamesimama upande mmoja kama mitumbwi imetia nanga, kila mmoja kachomeka mrija wake topeni ananyonya. Nikalala kifudifudi nipate picha na simu, mama mmoja anapita na ndoo akashtuka, "Mwanangu, umeanguka?" Nikamwambia hapana mama, naangalia vipepeo. Akaniangalia, akaenda zake bila neno, jioni habari zilikuwa zimeshafika nyumbani.

Wanachofuata pale sio maji peke yake, ni chumvi, na wengi wa topeni ni madume, akikutana na jike anampa ile chumvi pamoja na mbegu inasaidia kwenye mayai. Ndio maana tope ambalo ng'ombe kakojolea kwao ni pilau.

Sasa zile picha nilipozivuta karibu ndio nikaona mbawa. Zimechakaa, rangi imefifia, kingo zimelika kama kanga ya miaka mitano, na mmoja alikuwa na pengo la pembe tatu kwenye bawa la kushoto na la kulia pengo lilelile, saizi ileile, mahali palepale. Nikashangaa ajali gani inakata sawasawa hivyo. Kumbe ni ndege, kamdonoa wakati mbawa zimefungwa pamoja, akaambulia kipande, jamaa akaponyoka. Huyo huwezi kuniambia kazaliwa wiki ile. Yaani wa kwanza wa Tabora, wale wa mwezi wa kumi mwishoni, wengi wao ni hawa manusura.

Wapya wanasubiri mvua. Kwa kawaida mwezi wa kumi na moja, mvua mbili tatu za maana, kumbikumbi wanatoka jioni watoto wanafurahi, halafu unaona kama kimya hivi wiki mbili tatu ndio ghafla vipepeo wanajaa. Mnaofuga nyuki mnajua kipindi hicho. Wa kwanza kabisa kati ya wapya ni wale waliokuwa pupa kiangazi kizima. Nina ushahidi wa huu. Mwezi wa sita nilikuta pupa kwenye mlimau wetu, limejishika kwenye kijiti na kauzi kamezunguka kiunoni kama mkanda wa fundi wa nguzo za umeme, nikakata kile kijiti nikakiweka kwenye glasi kabatini. Wa saba kimya, wa nane kimya, mama kila akifagia ananiuliza huo uchafu nautupa lini, na mimi wa kumi nilikuwa nimeshakata tamaa. Mvua ya pili ya mwezi wa kumi na moja, asubuhi nakunywa chai, naona limepasuka mgongoni. Akatoka kitu kimekunjamana kama noti iliyofuliwa, kikapanda kijiti kikaning'inia, mbawa zikaanza kujinyoosha taratibu, nyeusi na njano mbichi, zile za Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa wa milimau, kabla ya kuruka alikaa zaidi ya saa nzima kuzikausha na akadondosha matone kwenye kitambaa cha meza cha mama. Doa halijatoka mpaka leo na bado nakumbushwa.

Kwa hiyo wale viwavi wa kwenye milimau na michungwa, wakiwa wadogo kama kinyesi cha ndege, wakikua kijani, ukiwagusa wanatoa pembe mbili za rangi ya chungwa na harufu kali, msiwapulizie dawa wote jamani. Mimi na mama tumeafikiana, tawi la upande wa choo ni lao.

Kingine kitakachokuchanganya ni kipepeo anayeitwa Precis octavia, wa kiangazi ni bluu na wa masika ni mwekundu wa chungwa, mimi miaka miwili niliandika kwenye daftari kama aina mbili mpaka nikaona aibu.

Kwa hiyo mkuu, mwezi wa tisa pumzika. Toka wiki ya mwisho ya wa kumi, saa nne mpaka saa nane jua likiwa wazi, nenda palipo na tope la ng'ombe au pembeni ya bwawa kama Igombe, na macho yawe chini. Desemba embe zikianza kuoza chini ya mti rudi tena, wale wakubwa wenye mikia, Charaxes, hawana habari na maua, wanalewa maembe hapo mpaka unawashika kwa vidole. Ndugu zangu wa Kigoma vijito vyenu vya kule Gombe havikauki kama vyetu, nyie mna mambo yenu.

Lile bomba walikuja kulitengeneza mwezi wa pili, masika yamechanganya, tope kila mahali, halina faida tena. Siku hizi ikifika mwezi wa kumi namwaga ndoo moja ya maji palepale kila asubuhi, na chumvi kidogo naweka, ila mama hajui kama ni ya jikoni.