Je, Kayafa alitabiri bila kujua?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nikijiandaa kusoma neno katika ibada ya Ijumaa Kuu, nilifika Yohana 18:14, panapokumbushwa shauri la Kayafa. Niliporudi sura ya 11 nikakuta imeandikwa kwamba alitabiri. Adui wa Bwana anawezaje kutabiri? Na kama Mungu ndiye aliyeongoza, Kayafa ana kosa gani?
– Msomaji, Morogoro

JIBU: Amina, ndugu yangu. Tuanze na hofu iliyotanda barazani siku ile. Wakuu waliogopa kwamba watu wakimwamini Yesu, Warumi watakuja kuwaondolea mahali pao na taifa lao. Kayafa, aliyeshika ukuhani mkuu tangu mwaka 18 hadi 36, akawapigia hesabu: yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu, lisiangamie taifa zima. Alichokuwa akikilinda ni hekalu na utawala wao. Yohana anayachukua maneno yaleyale, bila kupunguza hata moja, na kutuonyesha kwamba ndiyo Injili yenyewe. Hicho ndicho kinaya: mtu kusema kweli kubwa kuliko aliyoikusudia. Tena inauma, kwa sababu Yesu aliuawa na Warumi walikuja vilevile, wakaliteketeza hekalu mwaka 70.

Pilato naye aliandika anwani juu ya msalaba kwa Kiebrania, Kirumi na Kiyunani: "Yesu Mnazareti, Mfalme wa Wayahudi." Makuhani walipotaka ibadilishwe, isomeke kwamba Yesu alijiita mfalme tu, mtu huyu aliyekuwa amesema mara tatu kwamba haoni hatia kwake, kisha akamtoa asulubiwe, safari hii hakuyumba: "Niliyoandika nimeyaandika." Kila nisomapo hapo huwa nasimama kidogo, maana ufalme wa Bwana ulitangazwa kwa lugha tatu na mkono uleule uliomhukumu.

Kuhusu kosa, msikilize Petro siku ya Pentekoste, katika Matendo 2:23. Myahudi huyu aliwaambia ndugu zake kwa pumzi moja kwamba Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na kwamba wao walimwua kwa mikono ya watu wabaya. Maongozi ya Mungu hayakumshika Kayafa ulimi. Shauri lile lilitoka moyoni mwake, na lawama ni yake. Lakini Petro hakuitaja lawama ili kuwafukuza watu. Walichomwa mioyo, wakauliza watende nini, na siku hiyohiyo wakabatizwa watu wapata elfu tatu.