Kuotesha kwenye sahani hakutoshi
Umeuliza kama bakteria wanaoishi ndani ya sponji wa Antaktika, wanyama wa baharini wanaochuja maji, wanaweza kujulikana kwa kuwaotesha kwenye sahani za maabara pekee. Haiwezekani, kwa sababu bakteria wengi wa baharini, mara nyingi zaidi ya asilimia 99, hawaoti humo, na baadhi ya wale wa McMurdo Sound, mkono wa bahari huko Antaktika ambako maji hukaribia nyuzi 1.9 chini ya sifuri, hufa kwa joto la kawaida la chumba. Ndiyo maana husomwa jeni ya 16S, inayotumika kutambua aina za bakteria bila kuwaotesha, kutoka kipande cha sponji kilichosuuzwa kwa maji ya bahari yaliyochujwa, pamoja na sampuli ya maji ya palepale. Ukiisahau sampuli hiyo, na kwangu hilo ni kosa kubwa, hutaweza kumtenga bakteria anayeishi kweli ndani ya sponji na bakteria aliyenaswa tu sponji alipokuwa akichuja chakula. Kuotesha kuendelee, ila kwa nyuzi 4 na kwa wiki kadhaa.