Kabla hujaongeza chuo kingine kwenye orodha

Juzi msomaji mmoja alinitumia orodha yake ya vyuo vya Marekani: Harvard, Yale, Princeton, Stanford, na vingine sita vya aina hiyohiyo. Akauliza, "Dada, nina nafasi?" Nilikaa kimya muda mrefu, maana orodha ile ilikuwa yangu kabisa.

Mara ya kwanza niliomba vyuo vinane, vyote vya majina makubwa. Mwisho wa Machi majibu yakaanza kuingia. La kwanza nililifungua nimesimama jikoni, kidole kikitetemeka juu ya simu. Nilipofika kwenye "tunasikitika" sikuendelea. Neno hilo nililisoma mara saba kabla ya wiki kwisha. Chuo cha nane kilinikubali bila senti ya ufadhili, na hapo ndipo paliponiuma zaidi. Hadi leo nikiliona jina lake, moyo unashtuka.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba Harvard huchukua takriban waombaji 4 tu katika kila 100, na kwamba wengi wa wanaoachwa wana alama nzuri kama zangu. Wala sikujua suala la fedha. Ni vyuo vichache tu, wakiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, ambavyo haviangalii uwezo wa mwombaji wa kigeni kulipa vinapoamua kumchukua. Vingine vingi huangalia. Mimi fomu ya msaada wa fedha niliijaza usiku mmoja, haraka haraka.

Mwaka uliofuata nilitulia. Vyuo vingi hutoa kila mwaka ripoti iitwayo Common Data Set. Sehemu ya C7 inaonyesha wanachokipa uzito: alama, insha, barua za walimu. H6 inaonyesha wanafunzi wangapi wa kigeni walipewa fedha za chuo, na wastani wake. Chuo nilichokuwa nimekipenda kwa picha za maktaba yake kilikuwa kimefadhili wageni wasiozidi vidole vya mkono mmoja. Nikakifuta.

Nilipata chuo, na ufadhili wa kutosha, na ninajivunia. Wadogo zangu, acheni kuchagua chuo kwa sababu jina lake litawanyamazisha jirani na shangazi! Someni takwimu zake kwanza. Wazazi, nanyi pia.

Na wewe uliyeniandikia: bakiza viwili katika vile kumi, kisha leo usiku fungua H6 ya vyuo ambavyo hujawahi kuvisikia.