Bia tatu kila jioni, ni kunywa kistaarabu au ushakuwa mraibu?

Mkuu umeuliza kama bia zako tatu za kila jioni ni kunywa kistaarabu tu au ndo ulevi wenyewe, na naona wengi wanakujibu kwa kuhesabu chupa. Mi nimekunywa miaka 12, sasa ni mwaka wa nne sijagusa, ngoja nikwambie nilichopitia.

Idadi inadanganya. Sisemi haina maana, maana hata Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitamka wazi hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kabisa kwa afya, ila kuna mtu anakunywa kwenye sherehe na anakaa mwezi mzima hajaikumbuka, na kuna mwingine ni bia tatu tu lakini siku zikikosekana nyumba nzima inajua. Huyo wa pili ndo nilikuwa mimi.

Mwanzo chupa mbili zilinitosha, baadaye nne hata sizisikii, jamaa wakawa wananisifia eti sishikwi na pombe, kumbe ndo mwili unazoea. Nikiingia nasema leo mbili tu, natoka sijui nimefikaje nyumbani. Ila kilichonifumbua macho ni kikombe cha chai. Asubuhi moja nimekaa na mama, kikombe kinagonga kisahani ti-ti-ti, nikakishika kwa mikono miwili na bado chai inamwagika, jasho linanitoka na wala hakuna joto, mama ananitazama tu hasemi kitu. Nikatoka nje nikapiga mafunda mawili ya ile niliyoificha, baada ya muda mikono ikatulia. Kuzimua kwa namna hiyo siyo hangova tena ndugu yangu, hiyo ni arosto, mwili unadai.

Daktari aliniuliza maswali manne, yametoka kwa Dkt. John Ewing, aliyachapisha 1984: umewahi kuona unapaswa kupunguza? Watu wakikusema kuhusu pombe unaudhika? Umewahi kujisikia vibaya moyoni kwa unywaji wako? Umewahi kunywa asubuhi ili utulie? Ndiyo mbili zinatosha kukupeleka kuonana na daktari. Mi nilikuwa nazo zote nne.

Na hili naomba ulishike sana, kama asubuhi unatetemeka USIACHE GHAFLA peke yako nyumbani. Mwili uliozoea ukikatiwa pombe unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, halafu siku ya pili ya tatu mtu anaanza kuweweseka anaona vitu havipo, na inaua kweli. Mi niliachishwa hospitali, nikapewa dawa za kutuliza ambazo walikuwa wanazipunguza siku hadi siku pamoja na vitamini B1, maana pombe inaimaliza mwilini.

Kama hutetemeki wala huzimui, kaa wiki mbili bila kuonja uone siku zinapitaje, unalalaje, hasira zikoje. Ila kabla hujaanza nijibu kwanza, ukiamka mikono yako ikoje?