Nilikwenda Efteling peke yangu na mtoto wa miezi minane

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Antwerp aliniandikia. Ana mtoto wa miezi saba, mumewe anafanya kazi kila mwisho wa wiki, na tangu ajifungue safari zake ni kliniki, dukani na nyumbani. Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, naweza kweli kwenda Efteling peke yangu na mtoto mchanga, au nitaenda kuadhirika?" Efteling ni bustani kubwa ya burudani huku Uholanzi.

Neno hilo "kuadhirika" limenikaa moyoni, maana ndilo nililolala nalo usiku wa kuamkia safari yangu mwenyewe, mwezi wa Aprili. Nilimjibu kwa mistari miwili kwamba aende. Lakini mistari miwili haitoshi, na najua mko wengi mnaosoma hapa mkiwa na swali hilohilo, kwa hiyo leo nasema yote.

Tulipaswa kwenda wanne. Wanawake wanne wa kwetu, sote tunaishi Rotterdam, tulianza kupanga tangu Januari. Tukafungua kundi la WhatsApp la safari hiyo tu, tukachagua hadi rangi ya nguo. Baba wa mwanangu ni baharia, anakaa melini miezi minne, anarudi, anaondoka tena, kwa hiyo siku ile niliingoja kama mtoto anavyoingoja Idi. Tiketi za Efteling unanunua mtandaoni kwa tarehe, nami yangu nilishanunua. Usiku wa kuamkia siku yenyewe, saa tatu, ujumbe wa kwanza ukaingia: mmoja anaumwa kichwa. Wa pili akasema mvua itanyesha. Wa tatu ndiye aliyenichoma: "Shoga, na mtoto mdogo hivyo unampeleka wapi? Hata kukumbuka hatakumbuka. Subiri akue." Wenzake wakaweka vidole gumba.

Sikujibu. Nilikaa jikoni nikalia, huku nguo za mtoto nimeshazipanga mezani. Kisha nikampigia mama yangu Tanga. Mama hakunipa pole. Aliniuliza, "Hizo kanga nilizokutumia umezifungia sandukuni zifanye nini? Mfunge mtoto mgongoni, uende." Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa stesheni.

Hebu tuliseme hili la "hatakumbuka", kwa sababu ndilo linalowafunga wengi ndani. Ni kweli, mtoto wa miezi minane hatakumbuka. Hatakumbuka pia nani alimkesha homa ilipompanda, wala mikono iliyomwogesha. Hakuna anayesema tusimwogeshe. Anayekumbuka ni mimi. Nilikuwa nimemaliza miezi minane nikiongea na kuta, na nilihitaji siku moja ya kuona kitu kizuri na mwanangu akiwa kifuani. Mama akiomba kitu kwa ajili yake mwenyewe watu humwona mbinafsi, basi na waone. Nenda, dada yangu. Usingoje kundi.

Kwa wasiopajua, Efteling iko Kaatsheuvel, mkoa wa Noord-Brabant, kusini mwa Uholanzi. Ilianza mwaka 1952 kama msitu wa hadithi kumi zilizojengwa katikati ya miti kwa michoro ya msanii Anton Pieck, na msitu huo, Sprookjesbos, upo hadi leo na hadithi zimeongezeka. Mabembea makubwa na treni za kupinduka juu chini zilikuja baadaye sana. Hii ndiyo sababu nakwambia ni mahali pa mama mwenye mtoto: kiini chake ni kutembea taratibu chini ya miti, si kupanda. Mtoto chini ya miaka minne haingii kwa tiketi ya kulipia, na tangu 2010 wanafungua mwaka mzima, kwa hiyo chagua siku ya kazi shule zikiwa zimefunguliwa. Mimi nilikwenda Jumanne.

Kutoka Rotterdam ni treni hadi Tilburg, kisha basi. Safari yenyewe haina la kusimulia isipokuwa kosa langu. Nilikuwa na mizigo mitatu: kigari cha mtoto, begi la mgongoni, na mfuko mdogo wa pampasi niliouweka sakafuni karibu na miguu. Nikashuka Tilburg na miwili tu. Niligundua nikiwa ndani ya basi, na mtoto ameshachafuka.

Nilifika langoni nikiwa natetemeka. Nilijiona wenzangu walisema kweli, kwamba mimi ni mtu wa kujitwisha nisichokiweza. Kwenye chumba cha kubadilishia watoto palikuwa na mama mmoja aliyejifunga hijabu ya bluu, na mapacha wake. Sikumwomba, aliniona tu napekua begi mara tatu. Akanipa pampasi nne na pakiti nusu ya tishu za kufutia, akakataa hela, akaniambia kwa Kiholanzi kwamba na yeye mwaka uliopita alipewa. Sikumwona tena siku nzima. Namwombea dua mpaka leo.

Kwa hiyo: beba kidogo, na kilicho muhimu kikae mwilini mwako. Pampasi ziwe kwenye begi la mgongoni. Beba kidogo. Mimi nilibeba blanketi mbili, vitabu vya picha, mdoli, na vyote vilirudi nyumbani vikiwa havijaguswa.

Msituni ndiko siku ilikogeuka. Kitu cha kwanza tulichokutana nacho ni Langnek, jitu lenye shingo inayopanda juu na kushuka huku likiangaza watu. Mwanangu aliangua kilio. Nikamtoa kigarini, nikamfunga mgongoni kwa kanga ya mama, ile iliyoandikwa "Japo sipati tamaa sikati", nikamwendea jitu lile taratibu huku nikimwambia, "Paukwa!" na kujijibu mwenyewe, "Pakawa!" Sizijui hadithi zao kwa Kiholanzi. Nikamsimulia ya kwetu: hapo zamani za kale palikuwa na jitu lililorefuka shingo kwa kuchungulia vyungu vya jirani. Alinyamaza. Nyuma yetu babu mmoja na bibi yake walisimama wakasikiliza hadi mwisho bila kuelewa neno, kisha bibi akapiga makofi.

Tangu hapo kila hadithi niliipa ya kwetu. Kwa Doornroosje, binti mfalme aliyelala usingizi wa miaka mia, kifua chake kinapanda na kushuka kweli kama mtu anayepumua, nilikaa kwenye benchi la karibu nikamnyonyesha mwanangu nimejifunika kanga. Hakuna aliyenitazama vibaya. Kuna pango la Indische Waterlelies, la mwaka 1966, lililotokana na hadithi aliyoandika Fabiola kabla hajawa malkia wa Ubelgiji. Dada wa Antwerp, hiyo ni ya aliyekuwa malkia wenu, usiipite. Mle ndani ni giza, maua ya majini yanafunguka na vichimbakazi wanacheza juu yake, na sauti ya mwimbaji Yma Sumac wa Peru inapanda mpaka nywele zinasimama. Nilitegemea mtoto alie. Alilala palepale mgongoni, nami nikabaki nimesimama, nikaangalia onyesho lote mara mbili. Dakika hizo ndizo nilizokwenda kuzitafuta.

Na kilichomfurahisha yeye? Pipa la taka. Wanaliita Holle Bolle Gijs, mtu mnene mwenye mdomo wazi anayesema "Papier hier!", yaani karatasi hapa, ukiweka karatasi mdomoni anaifyonza kwa upepo. Wapo Efteling tangu 1959. Mwanangu alipoona karatasi imenyakuliwa alicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha tumboni, hadi akashika masikio. Tulikaa pale karibu dakika arobaini. Watoto wakubwa wa watu wakawa wanamletea karatasi. Nimerekodi kidogo, nikamtumia baba yake, akaniambia aliiangalia video ile na mabaharia wenzake wote chumbani.

Sasa suala ambalo hakuna anayelitaja na kila mama analiwaza: choo. Ukiwa peke yako, nani anamshika mtoto? Nyumbani ungempa jirani, hata muuza maandazi angemshika. Pale hujui mtu. Kigari hakiingii kwenye choo cha kawaida, na kumwacha nje hata kwa dakika moja sikubali na nawe usikubali, hata akija bibi mwenye uso mzuri namna gani. Mmoja alijitolea, kwa nia njema naamini, nikamshukuru nikakataa. Niliacha kigari nje, kigari hakina thamani, nikaingia na mtoto mgongoni. Ndiyo maana nasema mbeleko ni bora kuliko vifaa vyote vya gharama wanavyotuuzia. Mikono yote miwili iko huru na mtoto yuko salama, nawe unapata haja yako kama binadamu. Bibi zetu walilima hivyo, wakateka maji hivyo. Sisi tukifika Ulaya tunaona aibu kufunga mtoto mgongoni tusije tukaonekana washamba, halafu tunakaa ndani miezi minane kwa sababu hatujui tutakwendaje chooni. Fungeni watoto mgongoni, dada zangu. Fanyeni mazoezi nyumbani kwanza, mbele ya kitanda, ili kanga ikilegea aangukie godoro.

Kwenye mabembea inabidi mtoto ahamie mbele, usimfunge nyuma ukaja kuegemea kiti. Na usijidanganye kwamba utapanda kila kitu. Baron 1898, ile treni inayoanguka shimoni, inataka urefu wa sentimita 132, na familia nyingine zinapokezana, baba anapanda mama anashika mtoto. Wewe huna wa kupokezana naye. Kubali hilo kabla hujatoka nyumbani na halitakuuma. Sisi tulipanda treni ya moshi inayozunguka bustani, tukapanda Stoomcarrousel, jukwaa la zamani linalozunguka na farasi na nguruwe wa mbao, tukakaa kwenye kiti kama cha gari la farasi huku kinanda kikubwa kikilia. Vigari mnaviacha nje na vyote vinafanana, funga kitambaa cha rangi kwenye mpini. Changu ni chekundu.

Mchana nilisimama mbele ya Sirocco. Pale palikuwa na bembea ya tangu 1988 yenye mpishi mweusi mla watu, mfupa puani, na watu wakizunguka ndani ya vyungu. Watu weusi wa nchi hii walilalamika miaka mingi, na mwaka 2022 pakageuzwa kuwa pa Sindbad baharia, vyungu vikawa mitumbwi katika dhoruba. Ninafurahi mwanangu alizaliwa baada ya hapo. Sikupanda, inazunguka sana kwa mtoto. Nilimnyanyua tu juu ya bega nikamwonyesha mitumbwi, nikamwambia, "Baba yako huyo." Tukakaa hapo hadi mvua ilipoanza.

Mvua ilinyesha kweli, saa mbili nzima. Tulikula poffertjes, vile vitumbua vyao vidogo vya siagi na sukari ya unga, chini ya paa na watu wengine waliolowa. Saa kumi na moja tulikuwa kwenye basi. Ondoka kabla ya wengine wote, hilo nalo ni la muhimu, kwa sababu basi la mwisho wa siku na kigari ni vita.

Usiku niliweka picha tatu kwenye lile kundi. Mmoja akaandika "hongera", wawili waliona wakanyamaza. Hakuna aliyeuliza tulifikaje, tulikula nini, mtoto alilala saa ngapi. Nilidhani yameisha. Mwezi wa Agosti nikaona picha zao kwenye simu ya mtu mwingine: wote watatu, Efteling, mbele ya Langnek, na zile nguo za rangi tuliyochagua pamoja Januari. Hawakuniambia. Nimejaribu kulisamehe na bado linaniuma ninapoandika, sitawadanganya.

Lakini ndiyo maana nawahimiza. Anayengoja wenzake ili aishi anawapa wenzake ufunguo wa mlango wake. Nilichokiona Aprili hakuna anayeweza kuninyang'anya, hata akinitoa kwenye kundi lake. Miezi mitano baadaye mwanangu anatembea, na kila akitupa karatasi kwenye pipa la jikoni anakaa anasubiri limjibu.

Dada wa Antwerp, tarehe uliyoniuliza ni nzuri, Jumanne ya pili ya Oktoba, na nimeangalia kalenda yangu, nami nitakuwepo. Ukitaka siku hiyo iwe yako na mtoto tu, utaniona kwa mbali, tutapungiana mikono, basi. Ukitaka mtu wa kula naye poffertjes, nitakuwa kwa Gijs wa kwanza ukiingia msituni, kuanzia saa tano, kigari chenye kitambaa chekundu. Pampasi za ziada nitabeba mimi.